Nina pinde za baba na deni la karo. Niuze?

Shikamoo Bi. Mkubwa,

Naandika usiku, kwa maana mchana siwezi kukaa mbele ya hivi vitu nikafikiri vizuri. Mimi ni mwanamume wa miaka 54, Mkamba, mkazi wa Voi. Hadi Machi nilikuwa fundi wa magari kwenye kambi moja ya watalii. Siku moja tukapunguzwa watu 11, tukapewa barua na mshahara wa mwezi. Tangu hapo ni vibarua tu. Leo giaboksi ya matatu, kesho naamkia kibarazani.

Madeni yangu ni haya. Karo ya binti yangu aliye mwaka wa tatu chuo kikuu, Sh96,000. Kodi ya nyumba miezi miwili, Sh28,000. Mkopo wa simu niliouchukua ili kulipa mkopo mwingine wa simu, Sh17,500. Asipomaliza karo hatakalia mtihani, na mtihani umebakiza wiki saba.

Nilicho nacho cha kuuza ni pinde. Marehemu baba yangu aliandikwa kazi reli mwaka 1958, akakaa stesheni ya Voi hadi 1983. Hakuwa mwindaji. Alikuwa tu mtu wa kupenda pinde, kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Akisikia kwamba mzee fulani wa Kibwezi au Mtito Andei ana upinde uliokaa vizuri, Jumapili yuko juu ya baiskeli au amedandia treni ya mizigo. Ameacha pinde 23, mapodo sita ya kubebea mishale, na mishale zaidi ya 100. Nyingi ni za kwetu Ukambani. Nne ni za Waata, wale ambao serikali ya mkoloni iliwaita Waliangulu, waliokuwa wakiangusha ndovu kwa mshale huko Galana kabla pori lao halijafanywa mbuga ya Tsavo mwaka 1948. Nikiwa na miaka 18, nguvu zinanitoka masikioni, nilijaribu kuuvuta mmoja wa hizo nne. Baba alicheka hadi akakaa chini. Upinde wa Mwaata unataka nguvu ya zaidi ya ratili 100, nami nilikuwa nimezoea wa kwetu, ambao ni mwepesi kwa mbali.

Kila upinde una ukurasa wake katika daftari la baba. Namba 1 ni wa babu, baba yake mzazi. Namba 4 ameandika: "Kibwezi, Agosti 1961. Madebe mawili ya mahindi. Ni wake wa ujana. Ameniomba nisiutundike penye moshi." Namba 9, wa Mwaata: "Novemba 1961. Ameuacha kwangu kwa shilingi 40. Atarudi maji yakipungua." Kuna podo ambalo baba ameandika kifuniko chake ni ngozi ya nyati, kuna mishale yenye manyoya ya tumbusi, na upinde ambao ugwe wake, ile kamba ya kuvutia, kwa maandishi ya baba ni ukano wa twiga.

Wiki iliyopita alikuja broka kutoka Nairobi. Sijui nani alimwelekeza kwangu. Aliziangalia kama dakika kumi, akasema atatoa Sh60,000 kwa vyote, taslimu, pamoja na mishale na daftari. Ana mteja Ulaya. Anasema vitapita mpakani Taveta ndani ya basi kama mizigo ya kawaida, vipandie ndege upande wa pili. Atarudi Jumamosi ya wiki ijayo.

Mke wangu anasema hivyo ni vijiti, niuze mtoto asome. Dada yangu mkubwa amenipigia simu akasema upinde wa babu ukitoka nyumbani nisimwite dada tena. Wadogo zangu wawili walio Nairobi wanauliza fungu lao litakuwa ngapi. Baba alifariki 2019 na hatujawahi kwenda mahakamani kuhusu mirathi, kwa sababu hakuacha shamba, aliacha hivi.

Mimi pia hurusha mishale, ile ya mashindano. Mwaka 2016 nilimwona Shehzana Anwar, mrusha mishale, akibeba bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Rio, nikasema kumbe. Mwaka uliofuata nilinunua upinde wa kisasa kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, Sh85,000, nao ndio starehe yangu.

Bi. Mkubwa, nikiuza nitakuwa nimemuuza baba? Na nisipouza, nitamwambia nini binti yangu, kwamba alikosa mtihani kwa ajili ya miti mikavu?

Mvuta Ugwe, Voi

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kazi, na pole zaidi kwa kuyabeba haya peke yako usiku.

Jumamosi broka akija, mpe chai, umwambie bado. Akiongeza dau papo hapo, na ataongeza, mwambie bado vilevile. Sh60,000 ukizigawa kwa pinde 23 ni kama Sh2,600 kila mmoja, na mishale na mapodo umempa bure. Wewe ni fundi, unajua Sh2,600 inanunua tairi la namna gani. Halafu fanya hesabu ya upande wa pili. Madeni yako jumla ni Sh141,500. Ukimpa kila kitu, hata daftari, bado unadaiwa Sh81,500 na ukuta umebaki mtupu. Mtu husema nimeuza ili nitoke kwenye shida. Wewe utakuwa umeuza na shida umeiacha palepale.

Sasa nikwambie ninavyomjua huyo bwana, ingawa sijamwona. Nilikaa na duka la vinyago Mombasa miaka 19. Vinyago vyangu vingi vilitoka kwa ndugu zako, wachongaji wa Kikamba wa ushirika wa Changamwe, ulioanzishwa 1963, na kwa hao sina la kusema ila shukrani. Lakini pinde nilizouza, mwanangu, nyingi zilitengenezwa mwezi uleule. Tulizipaka rangi ya viatu, tukazitundika jikoni juu ya moshi wiki mbili, mteja akija tunamwambia hii ni ya zamani sana, ya babu wa babu. Nayasema haya kwa haya usoni. Watu kama sisi ndio tuliowafanya wanunuzi wa Ulaya wasiamini mti tena. Siku hizi wanataka kujua ulitoka kwa nani, mwaka gani, kijiji gani, nani ameandika. Ndiyo maana broka wako aliangalia pinde dakika kumi tu, kisha akataja daftari. Mtu anayenunua vijiti angetaka daftari la nini? Bidhaa aliyoifuata Voi ni maandishi ya baba yako, na kwenye hiyo Sh60,000 hakuyahesabia hata ndururu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baba yako aliyajua hayo, naye hakuwa mfanyabiashara.

Na hiyo njia yake ya Taveta. Hapo si ubahili tena, hapo anakutafutia jela. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haitazami ndovu mzima tu. Ngozi, unyoya, mfupa, pembe, kipande cha mnyama wa porini kilichoshonewa kwenye kitu kingine, vyote inavihesabu. Kuwa navyo bila kibali ni kosa, kuviuza ni kosa jingine, na faini zake hutajwa kwa mamilioni. Ngozi ya nyati, manyoya ya tumbusi, ukano wa twiga: umenitajia vitatu katika sentensi moja, tena umesema vimeandikwa kwa mkono wa baba yako. Hivyo usiviuze, usivisafirishe, wala usimpigie mtu picha zake. Usijaribu pia kung'oa manyoya au kukata ugwe ili "usafishe" mzigo. Utaharibu kitu cha thamani na kosa halitafutika. Mtafute wakili kwanza, hata wa msaada wa kisheria asiyelipisha, umweleze kwamba ni vitu vya marehemu vilivyokuwa nyumbani tangu zamani, na yeye ndiye aende nawe kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Nenda kabla hujaitwa.

Kuna sheria nyingine, ya makumbusho na turathi, ya mwaka 2006. Hiyo inasema vitu vya kale na vile vilivyolindwa havitoki nje ya nchi bila kibali. Kitu cha kale kwa maana yake ni kile kilichotengenezwa kabla ya 1895, kwa hiyo pinde zako nyingi huenda hazimo. Lakini wa babu yako ulitengenezwa lini, na nani? Fort Jesus ya Mombasa iko chini ya Makumbusho ya Taifa, na kutoka Voi ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Nenda na picha za zile ambazo ni mti na ngozi ya mbuzi tu. Waulize ni vitu gani na kama sheria inavigusa. Usiwaulize bei, kazi yao si ya udalali.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja kabisa, nami limeninyima usingizi. Mishale zaidi ya 100 ya Wakamba na Waata, na barua nzima haina neno sumu. Mwanangu, hiyo mishale iko wapi? Ivai ile, inayopikwa kwa mti wa msunguti hadi iwe kama lami, hushambulia moyo, na haiishi nguvu kwa sababu tu mwenye mshale amekufa. Miaka kumi, ishirini, hata zaidi, bado inaweza kuwa na makali. Ukiona mshale umezungushiwa ukanda wa ngozi nyembamba karibu na kigumba, yaani ncha yake, ule ukanda haukuwekwa kwa urembo. Uliwekwa ili sumu isikauke na mwenyewe asijichome njiani. Usiufungue. Usipitishe kidole kwenye kigumba ili uone kama bado kina makali. Vaa glavu nzito za karakana, weka yote ndani ya bomba la plastiki lenye mfuniko, juu, pasipofikiwa na mtoto. Ukifika Fort Jesus waeleze, wenzetu wa makumbusho wanajua namna ya kushika vitu hivyo. Mshale wenye sumu hauuzwi kwa mtu yeyote, hata akisema ataufungia kwenye kioo.

Tuje nyumbani. Hukwenda mahakamani kwa sababu baba hakuacha shamba. Wengi hudhani hivyo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haisemi shamba, inasema mali ya marehemu, na kuigusa bila idhini ya mahakama ni kosa. Sikutishi. Nakuonyesha tu kwamba wadogo zako wa Nairobi, wanaouliza fungu, siku moja wanaweza kukuuliza mbele ya hakimu. Waite wote kwenye simu moja jioni moja. Waambie deni ni kiasi gani, taja namba, usione haya. Huenda mmoja akasema chukua fungu langu mtoto asome. Huenda pia wasiseme, lakini angalau utauza kitu ambacho wote wamekubali kiuzwe, na wakili yuleyule awaonyeshe njia ya karatasi za mirathi.

Na dada yako umemsikia vibaya. Rudia kusoma maneno yake ulivyoniandikia mwenyewe: upinde wa babu ukitoka nyumbani. Mmoja. Zile 22 hakuzitaja. Wewe umesikia "usiuze," yeye amesema "usiuze namba 1." Kati ya maneno hayo mawili pana nafasi kubwa ya kukaa na kuzungumza.

Sasa nikuguse penye jeraha. Barua yako ni ndefu, ina pinde za baba kila mahali, halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayetoka mlangoni, unasema una upinde wa kisasa ulionunua Sh85,000. Ukaendelea na maswali yako. Huo ndio wa kuuza, na ndio wa kwanza. Hauna mirathi, hauna KWS, hauna makumbusho, hauna dada. Ni wako. Soko lake lipo: vijana wa klabu za kurusha mishale wanatafuta vya mtumba, kwa sababu vipya vinaagizwa nje na bei zake unazijua kuliko mimi. Hutapata Sh85,000 yote. Lakini ukipata hata nusu, umepata zaidi ya theluthi mbili ya pesa za broka kwa kitu kimoja, bila kuugusa ukuta.

Wauzie kwa ukweli. Mnunuzi atataka kujua urefu wake na uzito wa kuvuta, na kwa kawaida namba hizo zimechapwa kwenye mkono wa chini wa upinde, basi piga picha hapo karibu. Uweke mezani, uutazame kwa urefu kama unavyotazama fremu ya pikipiki iliyoanguka: mikono imenyooka na ugwe unapita katikati? Kuna ufa? Kama upo, useme. Kilengeo na mishale ya kaboni tangaza peke yake, kwa sababu anayeanza anataka upinde tu, na mwenye upinde huenda anatafuta mishale tu. Najua inauma. Hivi vya baba ulivikuta, huo uliuchagua. Ila klabu huwa na pinde za kuazima, na mkono uliozoea hausahau kwa mwaka mmoja.

Kuhusu karo sitakaa sana, maana naona wewe ni mtu wa kujua njia. Nenda ofisi ya fedha ya chuo wewe na binti, mkiwa na barua ya kupunguzwa kazi, mkaombe kulipa kwa awamu, na mnachokubaliana kiandikwe. Nendeni mapema, msingoje wiki ya mtihani, kwani wiki hiyo kila mzazi yuko kwenye foleni hiyohiyo akiwa na hadithi hiyohiyo. Kama yuko HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, aulize kama anaweza kuomba aongezewe. Basari za kaunti na za eneo bunge ni kidogo lakini ni kitu. Mkopo wa simu wa kulipia mkopo wa simu, huo ukome leo.

Nimeachia mwisho lile lililonikalisha na barua yako siku mbili.

Agosti 1961, madebe mawili ya mahindi. Novemba 1961, shilingi 40. Unayaandika haya kama mtu anayeonyesha picha za arusi. Mimi nilikuwa mtoto mdogo mwaka huo, lakini wazee wenu wanaukumbuka kwa jina: ukame mrefu, hadi chakula kikawa kinadondoshwa kwa ndege, halafu mwisho wa mwaka mvua ikaja ikawa mafuriko. Mzee wa Kibwezi hakuamka asubuhi akaona ameuchoka upinde wake wa ujana. Alikuwa na njaa, na baba yako alikuwa na mshahara wa reli. Kila ukurasa wa mwaka huo ni mtu aliyesimama mahali uliposimama wewe sasa, ana watoto nyumbani na kitu kimoja mkononi.

Sisemi baba yako alikosea. Aliwapa chakula, na aliandika. Aliandika hata ombi la mzee kwamba usitundikwe penye moshi. Broka hatakuandikia chochote, na huko upinde utakakokwenda utaitwa "upinde, Afrika Mashariki," basi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiona mimi kati ya kuuza na kunyang'anywa. Kwa hiyo swali lako la kumuuza baba nalijibu hivi: baba yako aliishi kwa kununua vitu vya watu waliobanwa, na hakuwadharau kwa kuviuza. Hatakudharau wewe. Lakini uza kama alivyonunua.

Nami nina langu. Januari 2008, baada ya uchaguzi ule, hoteli zilifungwa, wageni wakakimbia, duka likakaa wiki tatu bila mteja. Nikauza kasha la mama yangu, la misumari ya shaba, kwa mtu aliyekuja jioni na kuondoka nalo jioni hiyohiyo. Kuuza sijuti. Kodi ililipwa, watoto walikula. Ninachojuta ni kwamba ndani ya kifuniko mama alikuwa ameandika kwa penseli siku tulizozaliwa sote saba, na sikukumbuka kunakili hadi gari limeshakata kona. Hadi leo mimi na kaka yangu tunabishana yupi kati yetu ni mkubwa.

Basi nakili. Piga picha kila ukurasa wa daftari, mwombe binti yako aziweke kwenye barua pepe yake, na mwenyewe uandike upya kwa mkono kwenye daftari jingine. Kila upinde ufungie kipande cha karatasi kwa uzi, chenye namba ya baba. Usiandike juu ya mti. Usiupake vanishi, usiusugue, na kwa hali yoyote usiuvute ili umwonyeshe mteja kwamba bado ni mzima. Mti uliokaa bila ugwe miaka mingi hukatika kama muhogo mkavu. Zitoe chini ya mabati, joto la Voi litazipasua, na angalia vumbi jeupe sakafuni, maana hilo ni fukusi.

Kisha mkikubaliana na ndugu zako, na watu wa makumbusho wakisema ni sawa, chagueni tano au sita za Kikamba, zile ambazo baba alikuwa na mbili mbili za aina moja. Zile za Waata acha. Kwenye msako wa Tsavo wa 1956 na 1957 wawindaji wao walikamatwa wengi wakafungwa, na kilichosalia mikononi mwa watu si kingi. Hizo za Kikamba ziuze humuhumu nchini. Kuna wenye loji wanaotaka kitu cha kweli ukutani, kuna Wakamba wenye nafasi waliojenga nyumba kubwa na hawana hata kigumba kimoja cha babu zao, kuna wakusanyaji wa Nairobi. Onyesha watatu kabla ya kukubaliana na mmoja. Kila upinde uondoke na nakala ya ukurasa wake, na kila mnunuzi aandike katika daftari lako jipya jina, mahali anapokaa, bei na tarehe. Atakayekataa kuandika, mrudishie pesa zake.

Namba 9 usimwonyeshe mtu. "Ameuacha kwangu kwa shilingi 40. Atarudi." Hapo hapana ununuzi, mwanangu, hiyo ni rehani. Baba yako alikaa nao miaka 58, akastaafu nao, akafa nao, hakuuuza, na nadhani unajua kwa nini. Hali yako ikitulia, ulizia kwa wazee wa Waata upande wa Galana, jina bila shaka lipo kwenye ukurasa. Ukimpata mjukuu, mpe upinde wa babu yake, na zile shilingi 40 usizidai.

Daftari lenyewe lisilale kwako hadi Jumamosi. Mpelekee dada yako, umwambie akae nalo, broka akiuliza liko wapi uwe na jibu la kweli.